Jinsi ya kuendesha pikipiki kwa usalama mlimani

Mishomoroni, katika eneo la Kisauni, Mombasa, ardhi huteremka kuelekea mkono wa bahari wa Tudor. Wapo wahudumu wa bodaboda ambao wakifika mteremkoni hutoa gia au kuzima injini ili kuokoa petroli. Akiba hiyo ni ndogo, hatari yake ni kubwa. Pikipiki iliyotolewa gia huzuiwa na breki pekee, na breki ya ngoma ikishikwa mfululizo hupata joto na kupoteza nguvu.

Kabla ya kuanza kushuka, dereva apunguze mwendo na kuingiza gia ndogo ili injini yenyewe izuie kasi. Breki zote mbili zishikwe pamoja, taratibu. Penye mchanga au matope, breki ya mbele ikishikwa ghafla gurudumu huteleza.

Wakati wa kupanda, gia ipunguzwe mapema, kabla injini haijalemewa. Dereva ainame mbele kidogo, kwani uzito wa abiria na mzigo hukaa nyuma na kulifanya gurudumu la mbele liwe jepesi. Injini ikizimika katikati ya mwinuko, ashike breki, abiria ashuke, ndipo aiwashe tena.

Sheria ya Trafiki ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu, naye na dereva sharti wavae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga. Mlimani kanuni hiyo ina uzito zaidi: kila abiria anayeongezwa huongeza umbali ambao pikipiki huhitaji ili isimame.