Operesheni ya Pili

Mwaka 1912 Sarah Bernhardt, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa na jina kubwa kuliko karibu wote Ulaya, alirudi Paris kutoka Marekani akiwa na sura iliyobadilika nusu. Alikuwa anakaribia miaka 70 na bado akipanda jukwaani kuigiza watu wa nusu ya umri wake. Huko ng'ambo mpasuaji alimkata ukanda wa ngozi ndani ya nywele, akavuta kingo mbili na kuzishona pamoja. Makunyanzi ya paji la uso na ya pembeni mwa macho yakalainika. Kuanzia mashavuni kwenda chini, hakuna kilichosogea. Juu binti, chini nyanya.

Habari hiyo ilimfikia Suzanne Noël, mwanamke aliyekuwa akisomea udaktari Paris. Alisimama mbele ya kioo, akashika ngozi ya uso wake mwenyewe kwa vidole, akaivuta huku na huku kuona mkunjo upi unafutika ukivuta wapi. Baadaye, kama inavyosimuliwa katika historia za fani hii, Noël ndiye aliyemfanyia Bernhardt marekebisho. Yaani mteja mashuhuri zaidi wa enzi za mwanzo za kuvuta uso alikuwa pia mteja ambaye kazi ya kwanza haikumridhisha, akatafuta fundi wa pili.

Napenda kuanzia hapo kwa sababu tunaongea kana kwamba majuto ya upasuaji wa urembo yaliletwa na simu zenye kamera. Wapi! Majuto na upasuaji wenyewe ni umri mmoja.

Na ukiangalia walivyofanya, hutashangaa. Daktari Charles Miller wa Chicago alichapisha kitabu kuhusu kurekebisha kasoro za uso mwaka 1907. Wapasuaji wa wakati huo walikata vipande vidogo vya ngozi mbele ya sikio au kwenye mstari wa nywele, wakashona, basi. Hawakugusa kilicho chini. Ngozi ni kitu kinachonyumbuka; ukiivuta bila kushikiza chochote ndani, italegea tena, na mshono wenyewe utapanuka kwa kubeba mzigo usio wake. Wengine hawakukata hata kidogo, walidunga nta ya parafini, ile ya mishumaa. Gladys Deacon, mrembo wa Kimarekani aliyekuja kuwa mke wa Duke wa Marlborough kule Uingereza, alidungwa puani akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu ili pua yake ifanane na ya sanamu za Kigiriki. Parafini ikateremka hadi kidevuni. Hiyo haikuwa na operesheni ya pili ya kuiokoa.

Kitu kingine kilichowafanya wakosee bila kujifunza ni siri. Mjerumani Eugen Holländer alisema alimvuta uso mwanamke tajiri kutoka Poland mwaka 1901. Aliandika lini? 1932. Mwenzake Erich Lexer alimfanyia mwigizaji mwaka 1906, akaandika 1931. Miongo miwili na zaidi ya kunyamaza, kwa sababu daktari wa heshima hakutakiwa kuonekana akihangaika na urembo. Sasa kama mtu anaona haya kukiri kwamba alifanya operesheni ya kwanza, nani ataandika kwamba iliharibika na ilibidi irudiwe?

Noël hakuona haya. Alichapisha kitabu chake mwaka 1926, akiwa na picha za kabla na baada, na jina la kitabu lenyewe lilizungumzia nafasi ya upasuaji wa urembo katika jamii. Alikuwa mtetezi wa haki za wanawake, ndiye aliyeanzisha klabu ya kwanza ya Soroptimist barani Ulaya, Paris, 1924. Wateja wake hawakuwa waigizaji tu. Walikuwemo wanawake wa kuuza dukani, wa kushona, wa kupokea wageni, ambao mwajiri akiona mvi na mashavu yaliyoshuka anaanza kutafuta kijana. Wengine aliwafanyia bure. Kwa Noël, uso ulikuwa kitendea kazi. Unaweza kubishana naye (mimi mwenyewe nabishana naye, kwani kwa nini mwajiri asirekebishwe yeye?), lakini ni vigumu kumwambia mwanamke aliyekaribia kufutwa kazi kwamba anajipenda kupita kiasi.

Nabishana naye hasa kila nikikaa na shangazi yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, ana miaka 58, anauza mashamba na nyumba hapa Nairobi. Mwaka juzi alisafiri nje ya nchi akavutwa uso. Nyumbani tuliambiwa ameenda likizo. Alirudi na uvimbe, uvimbe ukaisha, na kilichobaki ni hiki: mdomo umevutika kuelekea masikioni kama mtu anayeendesha pikipiki bila helmeti, na vinyama vya chini ya masikio vimeshikana na shavu, hereni zake zinaning'inia kwa pembe ya ajabu. Wateja hawasemi kitu. Wanamtazama sekunde moja zaidi ya kawaida, na anaihesabu hiyo sekunde. Hospitali aliyofanyiwa inamjibu kwa vimoji. Sasa anataka arudie, kwa daktari mwingine, na akaniita mimi nimsomee mambo. "Wewe uliacha chuo lakini hukuacha kusoma," aliniambia, "kwa hivyo nisomee mwanangu, wasije wakanidanganya mara ya pili."

Nilidhani nitajikuta Hollywood. Nikajikuta vitani.

Mwaka 1917 Uingereza ilifungua hospitali maalum Sidcup kwa askari waliopasuliwa nyuso na risasi na mabomu. Mkuu wa upasuaji alikuwa Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa rubani aitwaye Henry Lumley, aliyeungua uso wote ndege ilipoanguka. Mapema 1918 Gillies aliinua ngozi ya kifua kubwa ya kutosha kufunika uso mzima, akaipandikiza yote. Ngozi ikafa, Lumley naye akafariki wiki chache baadaye. Tangu hapo Gillies alisisitiza kazi ya hatua kwa hatua, na kusubiri kati ya hatua moja na nyingine hadi mwili utulie. Kwa askari wake, operesheni ya pili haikuwa ishara ya kushindwa. Ilikuwa kwenye ratiba, pamoja na ya tatu na ya kumi.

Binamu yake, Archibald McIndoe, aliendeleza kazi hiyo katika Vita Kuu ya Pili, akiwatibu marubani walioungua. Wagonjwa wake walianzisha klabu yao mwaka 1941 na kujiita panya wa majaribio, jina ambalo kwa Kiswahili linachoma zaidi kuliko walivyokusudia. Kufikia mwisho wa vita walikuwa zaidi ya 600. Waliingia baa za mji wakiwa na nyuso ambazo hazijamalizika, na McIndoe aliwaomba wenyeji wasigeuze macho.

Hapa ndipo nilipomwita shangazi aje aone. Mwaka 1957 McIndoe na wapasuaji wawili waliofunzwa kwake walianzisha huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, ambayo leo ni Amref, ile yenye ofisi zake hapa Nairobi. Mmoja wa hao wawili alikuwa Michael Wood, daktari aliyekuwa akiishi huku. Wa pili alikuwa Tom Rees wa New York. Wakatengeneza midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, wakaachanisha ngozi za watoto waliounguzwa na moto wa jikoni. Na huyo Rees, akiwa kwao, alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa kuvuta nyuso za matajiri. Mikono ileile. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuonyesha kwamba mvutaji sigara aliyevutwa uso yuko katika hatari zaidi ya mara 12 ya ngozi yake kufa kuliko asiyevuta. Shangazi alinitazama. Aliacha sigara mwaka juzi, miezi miwili baada ya operesheni.

Upande wa kiufundi nitaufupisha. Mwaka 1976 Wafaransa Mitz na Peyronie walieleza tabaka la utando na misuli lililo chini ya ngozi ya shavu. Tangu hapo wapasuaji wazuri huvuta tabaka hilo na kuiacha ngozi ilale juu yake bila kukazwa. Mwaka 1990 Sam Hamra, Mmarekani, akaeleza njia ya kuingia chini zaidi. Huyu Hamra nimempenda kwa sababu moja. Mwaka 1998 aliandika kuhusu madhara yanayorudiarudia baada ya nyuso kuvutwa: macho yaliyozama, na shavu linalofagiliwa kuelekea sikio, ambalo ndilo la shangazi kabisa. Akaeleza sababu: ukivuta kwenda pembeni peke yake, sehemu ya kati inabaki kuteremka, na miaka inavyopita mvutano wa vitu hivyo viwili unaonekana. Mwaka 2002 akachapisha tena, safari hii akiangalia wagonjwa wake mwenyewe wa miaka ya nyuma, na akaandika waziwazi kwamba mbinu mojawapo aliyoitumia ya kusogeza mafuta ya shavu ilifaulu kwa muda mfupi na kushindwa kwa muda mrefu. Linganisha na Holländer na miaka yake 31 ya kimya.

Kwa anayefikiria kurudia, mambo machache hayabadiliki. Kovu la ndani lazima liive kwanza, ndiyo maana wengi wataambiwa wasubiri miezi sita hadi mwaka. Shangazi amepita huo. Ngozi iliyokatwa ikatupwa hairudi. Fundi cherehani mzuri huacha kitambaa kidogo ndani ya mshono kwa ajili ya siku ukinenepa, lakini aliyekukata uso hadi ukingoni hakukuachia cha kufumua. Mara nyingi marekebisho hayo ni ya kulegeza: kurudisha tabaka la ndani mahali pake ili ngozi ipumue, kuteremsha kinyama cha sikio. Na neva za uso, zinazokuwezesha kucheka na kufumba macho, sasa zimezungukwa na makovu, hazionekani kirahisi kama mara ya kwanza. Daktari akikwambia ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, shika mkoba wako.

Wapo watakaosema aache tu, azeeke, uso utalegea wenyewe. Kuna ukweli kidogo hapo, na baba amelisema hilo mezani kwa sauti ya mtu ambaye hakuna anayemwangalia mashavu anapouza kitu.

Daktari wa hapa aliyemwona mwezi uliopita hakumpa tarehe. Alimkanda shavu polepole kwa vidole, akampa kioo akishike, akamwomba afumbe macho, atabasamu, apulize. Kisha akaomba karatasi moja: ripoti ya operesheni ya kwanza, inayoonyesha walikata wapi, walishona tabaka gani, kwa uzi gani. Shangazi ameiandikia ile hospitali mara nne. Ya mwisho niliiandika mimi, kwa Kiingereza cha kisheria kidogo, na tukaituma Jumatatu.