Dandora: msaada ulipoenda kwa mwenye ploti

Tukibishana kuhusu nyumba za bei nafuu, kila mtu anawaza kumpunguzia ushuru mjenzi mkubwa. Lakini Nairobi ilishawahi kujaribu njia nyingine. Mradi wa Dandora ulianza 1975: ploti kama 6,000, pesa za mkopo wa Benki ya Dunia, Baraza la Jiji likisimamia. Familia ya kipato cha chini ilikuta choo, bafu na maji, kisha ikakopeshwa vifaa ijijengee vyumba. Wengi walipangisha vyumba hivyo ili walipe deni. Kuna wanaosema mradi ulifeli, ati maskini waligeuka malandilodi. Mimi sikubali, hizo rent angalau ziliingia kwa familia. Aliyesahaulika ni mpangaji wao: hakupata ploti, hakupata mkopo, na ndiye aliyesaidia kulipa deni la ploti ya mwingine.