Kibarua, Kipande na Mshahara: Hesabu ya Haki ya Mfanyakazi katika Pwani ya Tanga

Maneno matatu ya malipo ya kazi yalikutana katika pwani ya Tanga, wala hayakupata kulingana. Mshahara ni neno la asili ya Kiarabu lenye mwezi ndani yake, kwani shahr ni mwezi. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti cha kazi ya siku moja. Kisha jina la cheti likamwangukia mtu mwenyewe. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30.

Mwaka 1893 Wadachi, kama walivyoitwa pwani, walianza kujenga reli kutoka Tanga. Mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, nayo iliyosalimika ilikuwa 62 tu. Reli na mashamba vikagombania watu wale wale. Katika Usambara Magharibi, mwaka 1907, ikawekwa kadi iliyomlazimu kila mwanamume kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Waingereza walikirithi kipande, na hapo ndipo neno siku lilipogeuka maana. Siku haikuwa tena tangu jua kuchomoza hata kuchwa. Ilikuwa kiasi cha kazi kilichopimwa na mnyapara. Mkulima wa pwani alikuwa na neno lake la kale la kipimo cha namna hiyo, nalo ni ngwe. Lakini ngwe isiyokwisha leo humaliziwa kesho. Katika shamba la mkonge, mkataji asiyetimiza mafungu yake hakutiwa alama, na jasho la siku nzima likahesabiwa si kitu. Kwa hiyo siku 30 za kipande hazikuwa mwezi, na malipo yake, kwa haki ya lugha, hayakuwa mshahara.

Jambo hili lingeweza kuachiwa watunga kamusi, lau sheria za uhuru zisingelijenga juu yake. Mfuko wa Akiba wa mwaka 1964, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii uliourithi kwa sheria ya mwaka 1997, yote miwili ilikata sehemu ya mia katika malipo ya mfanyakazi. Swali likawa: malipo yapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 imetenga ujira wote, wa fedha na wa vitu, na mshahara wa msingi, usiohesabu posho wala saa za ziada. Malipo ya kuachishwa kazi, siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, yasizidi miaka 10, hufuata huo wa msingi.

Chukua mwashi wa Tanga mwenye msingi wa shilingi 300,000 na posho 120,000. Mchango wa asilimia 20 ni shilingi 60,000 ukikatwa katika msingi, na 84,000 ukikatwa katika yote. Wakili huijua tofauti hiyo. Mwashi, ambaye kwake yote ni mshahara, huiona siku ya kudai.

Tangu mwaka 1921 hata 2021 ni miaka 100. Ndipo Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama. Wafasiri wa sheria za kazi sasa wanapaswa kuchagua baina ya ujira, malipo na mshahara, na kila chaguo lina shilingi zake.