Fonti Zilizopachikwa katika Faili za PDF, 1993–2011: Historia ya Ahadi Mbili

Tasnifu inayonukuu utenzi kwa hati ya Kiarabu inaweza kuonekana safi kwenye skrini, lakini mtafiti anaponakili ubeti mmoja akaambulia miraba mitupu. Insha hii inajenga hoja kwamba chanzo cha tatizo hilo ni cha kihistoria. Umbizo la PDF liliahidi kwanza kuhifadhi sura ya ukurasa. Ahadi ya kuhifadhi matini yenyewe ilikuja baadaye, tena kwa hiari.

Kampuni ya Adobe ilitoa PDF mwaka 1993, ikiendeleza misingi ya lugha yake ya PostScript ya miaka ya 1980. Ili faili ziwe ndogo, haikuwa lazima kupachika fonti. Fonti 14 za msingi, zikiwemo za jamii ya Times, Helvetica na Courier, zilichukuliwa kuwa zipo katika kila programu ya kusomea. Fonti nyingine ilipokosekana, programu iliweka mbadala wenye upana unaolingana. Mbadala huo uliweza kuvumilika kwa herufi za Kilatini, lakini haukuifaa hati ya Kiarabu.

Hata fonti ilipopachikwa, kwa kawaida yaliingizwa maumbo yaliyotumika tu, na kila umbo huweza kuitwa kwa namba ya ndani ya fonti hiyo. Jicho huona herufi, ilhali kompyuta huona namba. Ugumu huongezeka katika hati ya Kiarabu, ambamo herufi moja huweza kuwa na maumbo manne kulingana na nafasi yake katika neno.

Toleo la 1.2 la mwaka 1996 lilileta jedwali la ToUnicode, linalohusisha namba hizo na herufi halisi, lakini halikulifanya kuwa la lazima. Mwaka 2005, kiwango cha ISO 19005-1, yaani PDF/A-1, kililazimisha fonti kupachikwa. Hata hivyo, ngazi yake ya b ilidai sura pekee. Ni PDF/A-2 ya mwaka 2011 iliyoongeza ngazi ya u, inayodai pia matini isomwe na mashine.

Tiba hufuata mpaka huohuo. Programu ya pdffonts huonyesha iwapo kila fonti imepachikwa na iwapo ina jedwali. Fonti isiyopachikwa huweza kuingizwa baadaye, mradi fonti yenyewe ipatikane. Jedwali likikosekana, kupachika upya hakutoshi: njia salama ni kurudi kwenye faili asilia na kuzalisha PDF nyingine. Faili asilia ikiwa imepotea, hubaki utambuzi wa maandishi kwa mashine, ambao lazima uhakikiwe na msomaji mjuzi wa hati hiyo.

Inahitimishwa kwamba kuitazama tasnifu kwa macho si uthibitisho wa kuhifadhiwa kwake. Kabla ya kuipokea, mstari mmoja wa kila hati iliyotumika unakiliwe na kutafutwa, wakati mwandishi bado anayo faili asilia.