Kubeba na Kunasa: Vitenzi Viwili vya Metali Katika Damu

Seramu ni majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Mwaka 1947 wataalamu wa Sweden, Holmberg na Laurell, waliipa protini moja ya seramu jina la transferini, yaani mchukuzi wa chuma. Jina hilo lilisadifu kazi yake, kwani protini hiyo huchukua chuma na kukitua kwenye seli zinazokihitaji. Hapo kitenzi kubeba kinafaa.

Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, huko Marekani, walitangaza kwamba kampaundi za platini huzuia bakteria wasigawanyike. Mojawapo, sisplatini, iliidhinishwa huko mwaka 1978 kutibu saratani. Ikiingia katika damu, kwa muda wa saa chache takriban asilimia 90 ya platini yake hunaswa na albumini na protini nyinginezo, wala haiachiliwi kwa urahisi. Inayotibu ni ile iliyobaki huru.

Kwa hiyo vitenzi hivi havina budi kutenganishwa. Mgonjwa wa Daraja Mbili, Arusha, akisoma kwamba dawa yake hubebwa, atadhani yote hufikishwa penye uvimbe. Twapendekeza basi: chuma hubebwa, platini hunaswa.