Daraja la Maseru

Mto Mohokare, ambao ramani nyingi huuita Caledon, si mto wa kutisha. Wakati wa kiangazi mtu anaweza kuuvuka akikunja suruali. Ng'ambo moja ni Maseru, mji mkuu wa Lesotho, na ng'ambo ya pili ni mashamba ya Free State, nchini Afrika Kusini. Kati yake lipo daraja lenye kituo cha mpaka kila upande. Lesotho yote, kilomita za mraba zipatazo 30,000, imezungukwa na jirani huyo mmoja tu. Haina bahari, haina mpaka na nchi ya pili, wala haina mlango wa nyuma. Atakayetaka kuibana hahitaji kurusha risasi. Anahitaji kibanda pale darajani na askari asiye na haraka.

Mpaka huo ulichorwa kwa vita. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyewakusanya Wasotho kwenye ngome ya mlima wa Thaba Bosiu, alipambana na Makaburu wa Orange Free State miaka mingi mpaka mwaka 1868 akaomba ulinzi wa Malkia wa Uingereza. Waingereza walikubali, lakini mwaka uliofuata walikaa na Makaburu wakautambua Mohokare kuwa mpaka. Mashamba bora ya magharibi yakapotea. Wasotho waliachiwa ukanda mwembamba wa bonde na milima mingi ya Maluti, ambako ardhi ya kulima ilikuwa chache. Baada ya miaka zaidi ya mia moja, serikali ya wajukuu wa Makaburu hao ingerudi kuomba maji ya milima ileile waliyoidharau babu zao.

Lesotho ilipata uhuru tarehe 4 Oktoba 1966. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Waziri Mkuu Leabua Jonathan alikwenda Pretoria kuonana na mwenzake wa Afrika Kusini, Hendrik Verwoerd, msanifu wa ubaguzi wa rangi. Siku nne baada ya mkutano huo Verwoerd alichomwa kisu bungeni akafa, na Jonathan akaendeleza mazungumzo na mrithi wake, John Vorster. Wapinzani wake walimwita kibaraka. Hesabu zake, hata hivyo, hazikuwa za mjinga. Wanaume wengi wa Lesotho walikuwa wakiishi kwa kuchimba dhahabu ya Johannesburg, fedha ya nchi ilikuwa randi, na sehemu kubwa ya mapato ya serikali ilitoka kwenye mfuko wa Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika, mfuko ambao Pretoria ndiyo iliyoutunza na kuugawa. Mtu wa namna hiyo anapomwamkia jirani kwa unyenyekevu, tusiharakishe kumcheka.

Mwaka 1970 Jonathan alishindwa uchaguzi na chama cha Ntsu Mokhehle, mwanasiasa wa mrengo wa umoja wa Afrika. Badala ya kuachia ofisi, alisimamisha katiba na kuwakamata wapinzani. Baada ya jaribio la uasi la mwaka 1974, Mokhehle alikimbilia uhamishoni. Hapo ndipo mambo yalipogeuka kichwa chini miguu juu. Jonathan, aliyehitaji heshima mbele ya Afrika na dunia, alianza kuulaani ubaguzi kwa sauti kubwa, akawapokea vijana waliokimbia Soweto baada ya maasi ya mwaka 1976, na akamvumilia Chris Hani, kamanda wa ANC, chama kilichopigana na ubaguzi huo, kuishi Maseru. Alifungua pia uhusiano na Urusi ya Kisovieti, China, Korea Kaskazini na Cuba. Mokhehle naye, mwanaharakati wa jana, alikuwa na kikosi cha wapiganaji kilichopewa hifadhi na Makaburu ili kimsumbue Jonathan. Kibaraka akawa mkaidi, na mkaidi akala kwenye sahani ya Kaburu.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini waliingia Maseru wakapita nyumba kwa nyumba. Watu 42 waliuawa: 30 raia wa Afrika Kusini na 12 Wasotho, baadhi yao watu wasiohusika na siasa yoyote. Hani hakuwepo. Desemba 1985 wauaji walirudi Maseru, na watu tisa wakafa.

Hata hivyo damu haikumng'oa Jonathan, maana kila shambulio lilimpa huruma ya dunia. Kilichomng'oa ni foleni.

Tarehe 1 Januari 1986 askari wa mpakani walianza kupekua kila gari kwa umakini ambao haukuwahi kuonekana. Pretoria haikutangaza kwamba imeifungia Lesotho. Ilisema inatafuta silaha na magaidi. Lori la unga lilishushwa mzigo, likakaguliwa gunia kwa gunia, likapakiwa tena. Lori la petroli lilisubiri zamu yake nyuma ya hilo. Wafanyakazi waliotakiwa kurudi migodini baada ya sikukuu ya mwaka mpya walisimama juani. Katika nchi isiyo na bandari wala ghala kubwa, wiki moja ya upekuzi wa polepole inatosha kukausha vituo vya mafuta. Nadhani hakuna silaha iliyobuniwa kwa ustadi zaidi dhidi ya nchi ndogo. Haina picha za kuchapishwa magazetini, na kila swali lina jibu la kiofisi.

Ndani ya Maseru kulikuwa na ufa mwingine. Jeshi lilikuwa limechoshwa na vijana wa chama cha Jonathan, waliopewa silaha kwa msaada wa Korea Kaskazini na kuanza kutamba kama jeshi la pili. Tarehe 20 Januari Meja Jenerali Justin Lekhanya alitwaa madaraka. Siku chache baadaye makumi ya wakimbizi wa ANC walipakiwa ndege na kuondolewa nchini, na upekuzi pale darajani ukalegea. Jonathan alifariki mwaka uliofuata.

Je, Pretoria ndiyo iliyompindua? Walioandika kuhusu siku zile hawakubaliani. Mimi naona Pretoria ilifunga mlango kwa nje, na waliokuwa ndani ndio waliochagua nani atolewe ili ufunguliwe. Lekhanya alikuwa na kesi yake na Jonathan tangu zamani, na foleni ile ilimpa tarehe ya kuimaliza.

Miezi tisa baada ya mapinduzi, tarehe 24 Oktoba 1986, Pik Botha, waziri wa mambo ya nje wa Makaburu, alikuwepo Maseru kutia saini mkataba wa maji ya milimani. Wazo lilikuwa la tangu miaka ya 1950, na Jonathan mwenyewe alilijadili kwa muda mrefu bila kulifikisha mwisho. Tazama jiografia yake. Migodi na viwanda vya Johannesburg na vitongoji vyake vimejengwa mbali na mto wowote mkubwa, na Mto Vaal ulikuwa umeanza kuelemewa. Maji ya Maluti hushuka kusini kupitia Mto Senqu, unaoitwa Orange ukishaingia Afrika Kusini. Pretoria ingeweza kuyangoja yaingie kwake bure, kisha kuyasukuma kwa pampu kuyarudisha juu, lakini gharama ya umeme ingekuwa kubwa. Yakikingwa juu milimani na kupitishwa kwenye handaki, yangeteremka yenyewe kwenda kaskazini. Tofauti ya gharama kati ya njia hizo mbili ndiyo iliyogawanywa: asilimia 56 Lesotho, 44 Afrika Kusini, na Lesotho ingelipwa mrabaha kila mwezi. Gharama ya kujenga mabwawa na mahandaki ya kusafirisha maji ilibebwa na mnunuzi.

Kwa serikali ya kijeshi iliyozaliwa kwenye foleni, haukuwa mkataba mbaya. Wanavijiji waliohamishwa mabondeni, waliopoteza mashamba, malisho na makaburi, wana hadithi yao, na haifanani na hiyo ya Maseru.

Kisha Afrika Kusini ikabadilika. Mei 1994 Nelson Mandela aliapishwa, na nchi iliyokuwa ikiitia kanda hofu ikaingia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kama ndugu aliyerejea nyumbani. Mtihani wa kwanza ulikuja upesi. Mokhehle, aliyerudi kutoka uhamishoni na kushinda viti vyote 65 katika uchaguzi wa 1993, alifukuzwa kazi na Mfalme kijana, Letsie wa Tatu, mwezi Agosti 1994. Mandela, Robert Mugabe wa Zimbabwe na Ketumile Masire wa Botswana waliwabana wahusika mpaka Septemba, na Mokhehle akarudishwa ofisini bila risasi kutoka ng'ambo. Mtu yule aliyewahi kufugwa na Makaburu sasa aliokolewa na mfungwa wao.

Januari 1998 maji yalianza kufika Afrika Kusini. Bwawa la Katse, lenye ukuta wa mita 185, lilikuwa limejaa kwenye bonde la Malibamatso. Mandela na Letsie walihudhuria sherehe. Miezi minane baadaye askari wa Mandela walikwenda Katse kwa helikopta.

Chanzo kilikuwa uchaguzi wa Mei 1998. Chama kipya kilichoanzishwa na Mokhehle, na sasa kikiongozwa na Pakalitha Mosisili, kilipata viti 79 kati ya 80 kwa kura kama asilimia 60. Wapinzani walipiga kambi mbele ya ikulu ya Mfalme. Tume ya jaji wa Afrika Kusini, Pius Langa, iliona kasoro lakini haikusema matokeo yalikuwa batili. Maofisa vijana wa jeshi wakaasi na kuwakamata wakubwa wao. Mosisili aliandika barua kuomba msaada wa Afrika Kusini, Botswana, Msumbiji na Zimbabwe.

Mandela alikuwa safarini ng'ambo, na naibu wake Thabo Mbeki pia hakuwepo. Kiti cha urais kilishikiliwa kwa muda na Mangosuthu Buthelezi. Alfajiri ya tarehe 22 Septemba, askari wapatao 600 wa Afrika Kusini walivuka lile daraja la Maseru. Walidhani wasingepata upinzani wa maana. Walipigwa vita kwenye kambi za jeshi na karibu na ikulu, na wakati wao wakihangaika huko, mji uliachwa bila mlinzi. Watu walivunja maduka, hasa ya wafanyabiashara wa Afrika Kusini, wakachoma katikati ya Maseru. Hata jengo la kazi za mikono lililojengwa kwa umbo la mokorotlo, kofia ya Kisotho, liliungua. Wakazi walikimbilia Ladybrand, ng'ambo ya mto. Wanajeshi wa Botswana walifika baadaye siku hiyohiyo.

Katse, mbali milimani, zaidi ya wanajeshi kumi wa Lesotho waliokuwa wakilinda bwawa waliuawa. Pretoria ilieleza kwamba ililinda demokrasia, na mimi siamini ulikuwa uongo mtupu, maana waasi walikuwepo na barua ya Mosisili ilikuwepo. Lakini Msotho aliyeulizwa kwa nini demokrasia ililindwa kwanza kwenye bwawa alikuwa na haki ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Na ilikuwa wiki chache tu tangu Mandela awanung'unikie Zimbabwe, Angola na Namibia kwa kupeleka majeshi Congo badala ya kuzungumza.

Askari waliondoka Mei 1999. Baada ya mabishano marefu Wasotho walibadilisha sheria ya uchaguzi wakaongeza viti vya uwiano, na uchaguzi wa 2002 ukapita salama. Mwaka huohuo mahakama ya Maseru ilimtia hatiani Masupha Sole, mkuu wa kwanza wa mamlaka ya mradi wa maji, kwa kula rushwa ya makampuni ya kigeni, kisha ikawageukia watoaji wenyewe: Acres ya Kanada, Lahmeyer ya Ujerumani. Nchi kubwa kadhaa zenye mahakama za kifahari hazijawahi kuthubutu hivyo.

Agosti 2014 jeshi la Lesotho lilivamia vituo vya polisi mjini Maseru. Waziri Mkuu Thomas Thabane alivuka mpaka kukimbilia Afrika Kusini. SADC baadaye ilimteua Cyril Ramaphosa, wakati huo naibu rais wa nchi hiyo, kuwa msuluhishi. Lakini siku chache tu baada ya kukimbia Thabane alirudi kazini. Waliomlinda njiani hadi Maseru walikuwa polisi wa Afrika Kusini.