HISTORIA NA NESI, Sehemu ya 9: Chakula kizuri cha Kiasia New York, panda treni namba 7

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye stashahada, ambaye sasa yupo New York, ameniandikia akilalamika: chakula cha Kichina anachonunua karibu na kwake ni sukari tupu na mchuzi mzito kama uji. Anauliza kizuri kinapatikana wapi. Nilimjibu kwa kifupi tu, panda treni namba 7 uende Queens. Lakini kwa nini iwe Queens? Hapo ndipo penye historia, na sisi wauguzi tumo ndani yake, tena sana.

Turudi 1882. Mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Walioruhusiwa ni wachache: wafanyabiashara, walimu, wanafunzi, wanadiplomasia na wasafiri. Sasa mwenye mgahawa ni nani hapo? Serikali ilimhesabu kama kibarua tu. Mpaka 1915 mahakama ilipoamua kwamba mwenye mgahawa naye anaweza kuhesabiwa mfanyabiashara. Maana yake aliweza kwenda kwao China na kurudi, na hata kuleta ndugu zake.

Masharti yalikuwa magumu lakini. Mgahawa uwe wa hadhi, siyo kibanda. Yeye awe na hisa kubwa, ausimamie mwaka mzima, na katika mwaka huo asipike, asioshe vyombo, asihudumie meza. Na wapatikane mashahidi wawili wasio Wachina wa kuthibitisha hayo yote. Watu wakafanyaje? Wakacheza kitu kama upatu. Ndugu na jamaa walichanga mtaji, wakafungua mgahawa mmoja mkubwa, kisha wakapokezana umeneja: huyu akimaliza muda wake na kupata karatasi zake, anashika mwingine. Kati ya 1910 na 1920 migahawa ya Kichina jijini New York iliongezeka karibu mara nne.

Ndiyo maana chakula kilikuwa vile. Mgahawa wa hadhi ulihitaji wateja wenye hela, na wateja wenye hela walikuwa Wamarekani. Kikatawala kile walichokiita chop suey: vipande vya nyama na mboga kwenye mchuzi mzito, wa kumridhisha mtu asiyetaka mfupa, kichwa cha samaki wala harufu ngeni. Wajuzi wa chakula wanakicheka hadi leo. Mimi sikicheki. Kile chakula kilikuwa karatasi ya uhamiaji iliyopikwa.

Sheria ile ilifutwa 1943, wakati wa vita, China ikiwa upande mmoja na Marekani. Mlango ulifunguliwa kiasi gani? Wachina 105 kwa mwaka. Jamani, 105! Huo ni umati wa kliniki moja ya watoto Jumatatu asubuhi.

Mabadiliko ya kweli yalikuja Oktoba 1965, Rais Johnson aliposaini sheria mpya ya uhamiaji chini ya ile Sanamu ya Uhuru. Mgawo wa zamani ulioipendelea Ulaya ukaondolewa, kipaumbele kikaenda kwa wenye ndugu kule na wenye taaluma. Kuanzia miaka ya 1970 watu wa Taiwan walianza kuhamia Flushing, mwisho kabisa wa reli ya treni namba 7. Chinatown ya zamani ya Manhattan ilikuwa ya watu wa Guangdong na Kikantoni chao. Hawa lugha yao ni nyingine na mapishi mengine. Baada yao wakaja watu wa majimbo mengi ya China bara.

Flushing Mchina alimpikia Mchina mwenzake, kwa hiyo hakupunguza pilipili. Mwaka 2005 ilianza pale Xi'an Famous Foods, ambayo ilipata jina ikiwa kijibanda kwenye chumba cha chini ya jengo la maduka, ikiuza tambi nene za kuvutwa kwa mkono na nyama ya kondoo yenye binzari nyembamba. Sasa ina matawi jijini. Siyo kwamba Manhattan hakuna kitu, msinielewe vibaya. Nom Wah ipo Doyers Street tangu 1920 na bado inauza vitafunwa vya mvuke vya kuliwa na chai.

Kabla ya Flushing, treni hiyohiyo inapita Jackson Heights, kwenye vyakula vya Wahindi, Wabangladeshi na Wanepali. Kituo kimoja kabla ya hapo, ukitokea Manhattan, ni 69th Street, mtaa wa Woodside. Hapo ni kwa Wafilipino, na hapo ndipo tunapoingia sisi.

Ufilipino ilitawaliwa na Marekani kuanzia 1898 hadi 1946, na vyuo vyake vya uuguzi vilifuata mtaala wa Kimarekani. Mwaka 1948 ulianzishwa mpango wa kubadilishana wageni. Muuguzi anakwenda Marekani miaka miwili "kujifunza". Hospitali nyingi ziligundua haraka kwamba mwanafunzi huyu anaweza kufanya kazi yote ya muuguzi kamili kwa posho. Wale mnaokumbuka mazoezi ya vitendo mnanielewa. Sheria ya 1965 ikawawezesha kubaki. Wengi waliajiriwa Hospitali ya Elmhurst, wakapanga nyumba jirani, Woodside. Mtu anayetoka zamu ya usiku anataka wali na mchuzi wa kwao, siyo mkate wa baridi. Migahawa ikafunguka kwenye Roosevelt Avenue, chini ya reli: adobo, ambayo ni nyama iliyopikwa kwa siki na vitunguu saumu, sinigang, mchuzi mchachu wa ukwaju, kare-kare, mkia wa ng'ombe kwenye karanga. Ukwaju na karanga! Mtu wa kwetu hapotei pale.

Machi 2020 Elmhurst ikawa kitovu cha Uviko jijini. Kuna saa 24 ambazo walifariki wagonjwa 13. Septemba mwaka huo chama cha wauguzi cha kule kilitoa hesabu ya wauguzi waliokufa nchi nzima. Wafilipino ni kama asilimia 4 ya wauguzi wa Marekani. Kwenye orodha ya waliokufa walikuwa karibu theluthi. Walijaa wodini na kwenye vyumba vya mahututi, wakiwa karibu na kitanda, pale tunaposimama sisi.

Juni 2022, kwenye kona ya Roosevelt Avenue na 70th Street, jiji lilipachika kibao kipya cha mtaa: Little Manila Avenue. Kutoka kituo cha 69th Street unakiona kwa kutembea dakika chache tu, na migahawa iko pande zote.